Mkwe Aliyeketi Kitandani

Mwaka wa sabini na tatu, Nanyama akiwa karani wa kupiga taipu katika kampuni ya bima mjini, aliamua kuwa mwandishi wa hadithi za upelelezi. Hakumwomba mtu ruhusa. Aliamua tu, kama wengine wanavyoamua kusuka nywele, akaandika kitabu na kukipeleka kwa Bwana Kaloki, mhariri wa nyumba ndogo ya vitabu nyuma ya soko kuu.

Kaloki alimrudishia wiki iliyofuata. "Dada, huyu muuaji nilimjua kabla chai yangu haijapoa. Leta ingine. Lakini nikimjua tena, usipande hizi ngazi mara ya tatu."

Mwingine angelia. Nanyama alikasirika, akanunua mandazi, akayala yote njiani, akarudi kwake Kangemi kulitafuta kosa.

Kosa alionyeshwa na jirani yake Mama Mwelu, muuza mboga wa Westlands, mwanamke asiye na subira hata na sufuria. Nanyama alimsomea Jumapili baada ya kanisa huku mwenzake akichambua ndengu. Hawakufika mbali.

"Ni huyu wa macho nyekundu," Mama Mwelu akacheka. "Hawa wengine wote umewafanya watu wa kanisa!"

Basi Nanyama akaandika upya, akamficha muuaji asitajwe kabisa mpaka mwisho. Safari hii Mama Mwelu hakucheka.

"Huyu ametoka wapi? Nimekaa hapa nikifikiria mpaka kichwa kinauma, kumbe mtu mwenyewe hakuwa ndani ya hii kitabu! Umeniibia, Nanyama."

Maneno hayo yalimwingia. Muuaji lazima akae mbele ya macho ya watu, tena ikiwezekana wampende. Lakini vipi? Alitembea na swali hilo mpaka ofisini, akaharibu barua nzuri tu za wateja.

Jibu lilijileta lenyewe, likabisha hodi. Walikuwa wakinywa chai kwa Mama Mwelu iliposikika sauti ya Kivuva, mume wa binti yake Mwelu, mlangoni. Mama Mwelu akajitanda leso, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, akamsalimu mkwewe kutoka nje, ukuta ukiwa katikati yao. Nanyama alikuwa ameyaona mambo hayo maisha yake yote. Hata kwao Bungoma mkwe na mama mkwe hawakaribiani, na chumbani kwa mama mkwe mwanamume haingii kamwe. Lakini siku hiyo alicheka peke yake, akaaga bila kumaliza chai.

Katika kitabu kipya, mama mwenye nyumba za kupangisha huko Kilimani anakutwa ameuawa, na hati za ploti hazionekani. Waombolezaji wanajaa. Miongoni mwao yumo kijana mpole anayesema ndiye mume wa binti aliyeolewa Kampala. Analia kuliko wote. Anaingia chumbani kwa marehemu, anaketi kitandani, anajifuta machozi kwa shuka, na kabla msomaji hajavuta pumzi, shangazi mtu anazirai sebuleni.

Mama Mwelu alimshuku mpishi. Akamshuku pasta, kwa furaha kubwa. Kwa yule kijana aliona huruma tu. Mpelelezi alipomkamata yule kijana na kumuuliza ni mkwe gani huketi kwenye kitanda cha mama mkwe wake, ungo mzima wa ndengu ulimwagika sakafuni.

"Woi! Nilimuona! Mimi mwenyewe nilimuona akikaa, nikamhurumia!"

Nanyama alizipanda zile ngazi za Kaloki kama mwenye jengo. Aliporudi kusikia jibu, mhariri alikuwa kwenye kurasa za mwisho, naye akamwonyesha kiti bila kuinua kichwa. Akafika mwisho. Kisha akaanza kurudi nyuma haraka haraka, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka kwenye kile kitanda, akaweka kidole.

"Nimepita hapa," alisema polepole. "Nimepita hapa bila kuona, na mimi mwenyewe nina mama mkwe Machakos."

Nanyama alifurahi kimoyomoyo. Mezani kulikuwa na kikombe kilichojaa pomoni, utando wa maziwa ukiwa umeganda juu yake.

"Chai yako imepoa, Bwana Kaloki."