Kuwasha Injini Ingali Moto

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara, kila aliyepata mtaji kidogo pale Mwanza alifungua kitu. Wengine walinunua pamba kule Magu, wengine minofu ya sangara, na tajiri wangu, aliyeanza na pamba akaishia kwenye samaki, alinunua ndege. Ilikuwa na injini moja na viti sita, na ilikuwa imeshazeeka mikononi mwa watu wengine kabla ya kuja kuzeeka mikononi mwangu. Mimi nilikuwa rubani wa serikali. Nilipunguzwa kazi pamoja na wenzangu, nikakaa nyumbani Buhongwa nikiangalia malori ya Shinyanga yakipita, mpaka tajiri akaniita. Sikumshukuru sana. Nilikuwa nimechoka tayari, na tangu hapo sijapumzika.

Watu hudhani kazi ya rubani ni kuruka. Kuruka si taabu, taabu ni kuwasha. Injini ile haikuwa na kabureta. Petroli ilisukumwa kwenye vijibomba vyembamba vilivyopita juu ya injini hadi kwenye kila silinda. Asubuhi, ikiwa baridi, ilikuwa na adabu zake. Unasukuma mbele lever nyekundu, wenzo wa kufungulia petroli, unawasha pampu ya umeme mpaka mshale uinuke, unazima pampu, unairudisha lever nyuma, unapiga stata. Ikishika tu, unaisukuma lever mbele tena polepole, na siku yako imeanza.

Sasa izime ikiwa ya moto, halafu utake kuiwasha baada ya muda mfupi. Hapo ndipo utakapoijua. Pangaboi la puani likisimama, hewa haipiti tena, joto lote linapanda juu, na petroli iliyobaki kwenye vijibomba inachemka na kuwa mvuke. Ukipampu kama asubuhi, unaizamisha kwa mafuta. Usipopampu, inameza mvuke, inakohoa, inakufa. Kila ukijaribu unakula betri, na betri yetu ilikuwa hoi kuliko mimi. Nikimwambia tajiri, jibu lake lilikuwa moja, ngoja kwanza tuuze samaki.

Kwa hiyo nilijiwekea desturi. Kwenye viwanja vya visiwani sizimi. Natua, mzigo unashushwa kwa mlango wa nyuma injini ikiunguruma, naondoka. Nani atanilaumu?

Siku ninayoikumbuka nilimbeba mama mmoja aliyeuza vitenge pale sokoni Mwanza. Kwao ni Bukoba. Mama yake mzazi alikuwa mahututi, na habari ilimfikia kwa redio ya misheni. Meli ingeondoka jioni na kufika asubuhi, naye hakuwa na moyo wa kulala njiani. Akafunga mkanda pembeni yangu, akaniambia bila mimi kumwuliza, "Baba, kaka yangu amesema hivi. Nikimwona uwanjani, nijue mama ameshaondoka. Nisipomwona, yuko naye kando ya kitanda, nikimbie."

"Basi hatutamwona," nikamwambia. Mdomo huo wangu, sijui nani aliniruhusu kuahidi.

Lakini tajiri hawezi kuona ndege ikienda na viti vitupu. Alikuwa amepakia kasha la vipuri vya mashine ya barafu, lishushwe kwenye kisiwa kimoja njiani. Nilinung'unika, akajifanya hasikii. Tukatua kisiwani jua likiwa utosini, kijana wa tajiri akalipokea kasha kwa nyuma, nami nikawa nimeshika gesi tayari kuondoka.

Wazee wa pale walikuwa wametoka kupokea wageni. Ndege kwao ilikuwa ugeni, na mgeni hapiti bila kusalimiwa. Walisimama pembeni wamevaa makoti yao mazito kwenye joto lile. Mmoja wao, kofia mkononi, akatoka kwenye kundi akaja moja kwa moja mbele ya ndege, mkono ameunyoosha, uso ameuinamisha kwa heshima. Pangaboi likizunguka halionekani. Yeye aliona nafasi tupu.

"Zima, baba," mama akasema. "Hata hivyo siwezi kuwapungia wazee mkono dirishani."

Nilikuwa nimeshaivuta lever nyekundu. Injini ikazimika, mzee akafika akiwa hana habari, akatunyooshea mkono. Mama akashuka, akapiga magoti kwenye nyasi. Shikamoo, marahaba, habari za Mwanza, za nyumbani, za mvua. Aliposema anakokwenda, mzee akaushika mkono wake kwa mikono miwili akampa pole, na wenzake wakafuata kila mmoja kwa zamu yake. Hakuna aliyefupisha. Mimi nilisimama chini ya bawa nikisikia chuma kikilia tik, tik, na roho yangu juu juu.

Tulipopanda, nilijaribu kwa namna ya injini ya moto. Lever nyekundu nyuma, pampu imezimwa, gesi nimeifungua kiasi. Nikapiga stata. Ikashika, nikaisukuma lever, ikakohoa, ikafa. Nikarudia. Safari hii stata ilizunguka kwa uvivu, nikajua betri imebaki na pumzi moja tu.

Nikamgeukia mama nikamweleza bila kuficha. "Tunaweza kujaribu sasa hivi, na ikikataa tumekwama hapa mpaka ipatikane boti. Au tuiache ipoe."

"Ipoe mpaka lini?"

"Mpaka niweze kuweka kiganja juu ya boneti na kukiacha."

"Basi ipoe," akasema.

Vijana wakaja wamekunja mikono ya mashati. "Tuisukume, mzee? Uweke gia." Wao kila kilichowahi kufika kisiwani na injini kilisukumwa kikawaka, sasa hiki kina nini? Nikawaeleza kwamba magurudumu ya ndege hayaunganiki na injini, yanajiviringikia tu. Mmoja akacheka akasema basi mzungu aliyeitengeneza hajawahi kuishiwa betri. Nami nikacheka, kwa uchovu. Halafu nikawaambia wasukume kweli, ila waigeuze pua itazame ziwani. Upepo wa mchana ulikuwa unatoka majini. Wakaigeuza kwa nyimbo, nikafungua kijimlango cha juu cha kupimia oili, joto likanipiga usoni.

Tukangoja. Mama alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Kila baada ya kitambo aliinuka, akaweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa haraka. "Bado moto," anasema, anakaa. Anainuka tena. Mwisho nilimfokea. Nilimwambia kuishika hakuipozi. Nikajichukia. Nilikuwa nimemkasirikia tajiri, betri, mzee na koti lake, na aliyekuwa karibu alikuwa yeye.

Halafu akaweka kiganja, akakiacha. Akanitazama tu.

Niliingia nikifanya kila kitu taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Pampu kidogo tu, kusukuma mvuke utoke. Nikaizima. Lever nyuma, gesi nusu. Stata ikazunguka kwa taabu, ikataka kusimama, kisha silinda moja ikashika, nyingine ikafuata, nikaileta lever mbele kwa vidole viwili. Ikanguruma. Vijana wakashangilia. Mama alikuwa analia, nami nikafungua gesi tukaondoka.

Baadaye tajiri alinigombeza sana kwa kuzima. Nikamwambia siku nyingine aje yeye amchinje mzee kwa pangaboi. Hata leo ningeizima. Nimelifikiria sana jambo hilo, nimechoka nalo, na jibu halibadiliki.

Bukoba tulitua tukitokea ziwani. Nilikuwa nimemwambia kwamba sitazima, ashuke kwa nyuma akimbie. Nikageuza ndege kuelekea uzioni, na kabla sijasimama vizuri niliona mkono wake umeshika dashibodi.

Mtu mmoja alikuwa amesimama uzioni, koti limetupwa begani, anahema.

"Zima tu, baba," mama akasema. "Haraka imekwisha."

Nikavuta lever nyekundu. Nikashuka nikampa kaka yake mkono wa pole. Alikuwa amekuja mbio kwa miguu, jasho linamtoka. Mama akamwuliza mama yao ameondoka saa ngapi. "Sasa hivi," akasema kaka. "Alikuwa anatuuliza kama ndege imesikika."

Hakuna aliyenitazama, na nilishukuru kwa hilo. Mama alijifunga khanga yake upya kiunoni. Alipopita mbele ya ndege alinyoosha mkono, nadhani bila kujua, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa.

"Bado moto," akaniambia, akamfuata kaka yake.