Siku Lipiko Alipochanjwa Ndui

Spiriti ikigusa pamba hutoa harufu isiyofanana na nyingine yoyote: kali, baridi, hupanda puani kabla sindano yenyewe haijaonekana. Mwezi uliopita niliikuta tena katika chumba cha chanjo za wasafiri, nikiwa njiani kwenda kwenye mkutano wa wasomi ughaibuni, ambako ningesoma makala yenye kurasa nyingi kuliko wasikilizaji. Muuguzi, binti wa rika la wanafunzi wangu, aliniambia nikunje mkono wa blauzi kwa ajili ya homa ya manjano. Nikakunja, nikageuza uso ukutani kama mtoto, na pale ukutani nikamwona Mreno mwenye masharubu ya manyoya ya mbuzi, amekaa kwenye kiti cha shule, amenyoosha mkono achanjwe.

Naona ni lazima nieleze.

Nilikulia juu ya uwanda wa Wamakonde, upande wa Mkunya, katika kijiji ambacho wakati huo kilikuwa kipya kabisa. Watu walikuwa wametolewa huko walikotawanyika na kupangwa katika nyumba za mistari iliyonyooka, mlango kwa mlango, ili shule, bomba la maji na wanamgambo viwe karibu, maana ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita na Wareno. Kwetu sisi watoto mistari ile ilikuwa raha tupu. Kwa mtu mwenye siri ilikuwa balaa. Ukikohoa usiku, asubuhi watu wa mstari mzima wanakupa pole.

Siri kubwa kuliko zote ilikuwa ya lipiko. Huyu ni mcheza ngoma mwenye sura ya kuchongwa kwa mti kichwani na mwili uliofunikwa nguo mpaka vidoleni, lakini ukisema hivyo umeshakosea, kwa sababu kwa wanawake na watoto lipiko hakuwa mcheza ngoma wala hakuwa mtu. Alitoka makaburini. Wanaume waliopita jandoni ndio waliojua lililomo ndani ya zile nguo, na mwanamke au mtoto akimtambua na jina likatajwa mbele za watu, ngoma ile ilifungwa. Hukumu hiyo haikuwa na rufaa. Mimi nilimwogopa lipiko kuliko nilivyowaogopa Wareno. Baba yangu hakunisaidia, kwani kila lipiko alipotoka, yeye alikuwa na safari ya Tandahimba kuulizia bei ya korosho.

Mwaka huo ngoma yetu ilichaguliwa kwenda nchi rafiki, mbali huko kwenye theluji, kuonyesha utamaduni wa mwananchi. Lipiko wetu alivaa sura ya askari wa Kireno, macho yametokeza, masharubu yanatetemeka, na wapiga ngoma, ambao baadhi yao walikuwa wamevuka mto wakiwakimbia Wareno halisi, walimfukuza uwanjani mpaka akaanguka chali. Wakubwa wa wilaya waliipenda mno. Kijiji kizima kilitembea kifua mbele. Baba naye alitangaza nyumbani kwamba ana shughuli ndefu Mtwara, na kwa bahati, alisema, ingeangukia majira yaleyale.

Kabla ya kuondoka ilikuwa lazima wachanjwe. Homa ya manjano na kipindupindu wangechomwa Dar es Salaam, lakini ndui ilitakiwa ianze huku, kwa sababu chanjo yake huumua lengelenge, na mtu hapewi kadi mpaka lengelenge lionekane kwamba limeshika.

Sasa, sisi na chanjo ya ndui tulikuwa na historia. Bwana Afya alipoonekana na baiskeli yake, nusu ya kijiji ilihamia mikoroshoni. Ilivumishwa kwamba dawa ile hukausha maziwa ya mama. Bibi yangu alikuwa na ufundi wake: ganda bichi la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na tone moja tu begani humwachia mtoto kovu zuri la serikali. Ninalo mpaka leo. Kwa muda mrefu nilihesabiwa miongoni mwa waliokingwa.

Bwana Afya aliyekuja safari hii alikuwa mgeni, kijana wa Kilimanjaro, soksi ndefu nyeupe, adabu nyingi na haraka nyingi. Aliweka meza kwenye baraza la shule na kijiji chote kikaja kutazama, kwa kuwa leo wanaochanjwa walikuwa wengine. Wapiga ngoma walipita mmoja mmoja, wakijitia hawasikii maumivu. Walipokwisha, alitazama huku na huku.

"Bado mmoja. Yule wa kinyago yuko wapi?"

Mzee Nachundu, kiongozi wa ngoma, alikohoa. "Huyo haugui, bwana."

"Kila anayepanda ndege anachanjwa, mzee wangu."

"Lipiko si mtu."

"Kama si mtu, tumwandike mzigo?"

"Mzigo, sawa," alisema Mzee Nachundu kwa nafuu kubwa.

Bwana Afya alicheka, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake. "Shikamoo yako, mzee, lakini nisikilize. Dawa nimeshaichanganya, haifiki kesho. Mwiteni aje avue hilo dude nimalize kazi."

Aliposema avue, wanawake waligeuka wote kwa pamoja kama waliorushiwa mchanga. Mama alinifunika macho kwa kiganja chenye unga wa muhogo. Hata mimi, gizani mle, nilielewa lililokuwa mezani: lipiko akivua, ngoma imekufa hapohapo; asipochanjwa, hakuna anayepanda ndege, kwa sababu nani angekwenda kutazama watu wakimfukuza Mreno asiyekuwepo?

Sauti iliyofuata ilikuwa ya mama mwenyewe, amewapa mgongo wanaume kwa heshima zote. "Bwana Afya, nguo ya lipiko ina mkono, na mkono wa nguo hutobolewa. Avue ya nini?"

Wanaume walitazamana. Wawili wakatoka mbio kuelekea kichakani.

Tulisubiri mpaka soksi za Bwana Afya zikaanza kuteremka. Halafu njuga zikasikika, watoto tukapiga kelele na kujificha nyuma ya mama zetu, na Mreno akaja akitingisha masharubu, akazunguka meza kwa vitisho, akakaa. Begani nguo ilikuwa imekatwa tundu. Nilichungulia chini ya kwapa la mama. Bwana Afya alipaka spiriti, akaanza kudonoa ngozi kwa sindano yake. Lipiko hasemi, huo ndio mwiko. Lakini njuga za kiunoni zilianza kulia zenyewe, chrr, chrr, chrr, kila sindano ilipogusa.

"Mreno anaogopa!" alipaza sauti mmoja wa wapiga ngoma, na uwanja wote ukalipuka. Sijaona tena chanjo iliyoshangiliwa namna ile.

Baba alirudi kutoka Tandahimba jioni, bei ya korosho ikiwa palepale. Siku zilizofuata alikuwa mzima. Baadaye akashikwa na homa, akalala amejifunika shuka, na mama alipomgeuza, nikiwa nimeshika bakuli la uji, niliona bega lake. Lilikuwa limevimba, na katikati palikuwa na lengelenge jeupe lenye kishimo, kama kifungo cha shati. Nililijua lengelenge hilo. Wapiga ngoma wote walitembea wakiringia la kwao.

Mtoto mwenye akili angenyamaza. Mimi walimu walikuwa wameshaniharibu kwa kunisifu kwamba nauliza maswali mazuri. Kesho yake, kwenye foleni ya bomba, mbele ya wanawake wa mistari yote, niliuliza: "Mama, mbona baba ana kidonda palepale alipochanjwa lipiko?"

Mama Hadija, jirani yetu mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyewahi. "Hee, baba yako tu? Wa kwangu anacho mgongoni. Wanaume wa mwaka huu wameoza, shoga zangu."

"Wa kwangu cha kwake sisemi kiko wapi," alidakia mwingine, na foleni nzima ikacheka, kicheko kikubwa kuliko mzaha wenyewe. Mama hakucheka. Alinitwika ndoo yangu, akaniambia niangalie ninapokanyaga.

Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba kuomba chumvi. Chumvi tulikuwa nayo.

Bwana Afya aliporudi kukagua malengelenge, alimkuta lipiko kakaa tayari na tundu lake begani. Akachungulia, akasema limeshika vizuri sana, lipiko akaondoka na njuga zake. Kijana wa watu alipoanza kufunga mkoba, mama alisimama mbele ya meza, akakunja mkono wa gauni.

"Na sisi," alisema.

Nyuma yake alikuwa Mama Hadija, na nyuma ya Mama Hadija mstari uliofika kwenye mlingoti wa bendera: wanawake, waume zao, vikongwe, watoto wa migongoni, na bibi yangu, fundi wa mafuta ya korosho, amenuna lakini yupo. Bwana Afya alitazama ule mstari kama mtu aliyeona mvua ya kiangazi. Nadhani aliamini kwamba hotuba zake ndizo zilizotugeuza. Alituma baiskeli Newala kuleta dawa zaidi, na sisi tukasubiri.

Baba alitokea mwisho mwisho, shuka begani, ana haraka kama mtu aliyeacha kazi shambani. Alitoa mkono wa kulia. Bwana Afya aliomba wa kushoto, kama kwa wote. Baba aliufunua huo wa kushoto kidogo tu, upande wa meza, na mimi niliyekuwa nimeketi pale nikipuliza bega langu nilimwona kijana yule akilitazama lengelenge alilokuwa amelisifu asubuhi ileile. Aliinua macho kwa Mzee Nachundu. Mzee Nachundu alikuwa akitazama mawingu.

"Wa kulia pia unafaa," alisema Bwana Afya kwa sauti ya kusikika, akampaka spiriti, akamdonoa kwa sindano isiyo na dawa.

Wiki ile kijiji kizima kilitembea mkono wa kushoto umening'inia. Ungemuuliza nani swali kuhusu kidonda cha nani? Hata mimi niliacha. Lori likaja, wachezaji wakapanda wakiimba, na siku hiyohiyo baba akaenda Mtwara.

Nimewahi kusimama mbele ya wanafunzi nikafafanua, kwa maneno marefu, jinsi wanaume wa kwetu walivyoitunza siri ya lipiko isiwafikie wanawake. Niliyasema hayo nikiwa na kovu begani, kovu la kweli, juu kidogo ya lile la bibi. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba siri ile haikuwa na mlinzi mwingine zaidi ya wale waliofichwa. Walioogopa chanjo kuliko ndui yenyewe walikunja mikono ya magauni ili ngoma isifungwe kwa sababu ya mdomo wa mtoto.

Baba alirudi na koti zito la sufu na kofia yenye masikio ya manyoya. Amekwisha kufa, wapiga ngoma nao wengi wametangulia, na likizo iliyopita, tukimenya korosho uani, niliona sasa hakuna wa kuumia. Nikamuuliza mama kama siku zile alijua.

"Nijue nini?"

"Kwamba baba alikwenda Ulaya."

Mama alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyelipia masomo yaliyokwenda bure. "Lipiko ndiye aliyekwenda Ulaya," alisema. "Baba yako alikwenda Mtwara. Mwaka ule Mtwara kulikuwa na baridi kali sana."