Bomba la Nyuma

Pikapu yangu ilianza kuoza kabla sijainunua. Mmiliki wa kwanza alikuwa akipakia samaki wa chumvi kutoka ziwani. Maji ya samaki yalichuruzika kutoka nyuma, yakafuata chasi, yakatulia pale ambapo vibano vidogo hushikilia mabomba membamba ya breki. Siku ya kununua niliona rangi nzuri na injini isiyotoa moshi. Kutu ilikuwa ikifanya kazi yake chini, mahali ambapo wanunuzi wengi hatuingizi kichwa.

Niliigundua siku ya Jumatano, nikiteremka kuelekea sokoni, hapa Butembo. Nilikanyaga breki, na pedali ikashuka polepole mpaka chini, kama mguu unaozama kwenye tope. Gari lilisimama kwa sababu niliingiza gia ya kwanza na kuliegemeza kwenye ukingo wa udongo. Nikashuka, nikalala chini kutazama. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limelowa mafuta kwa ndani, na bomba lililopita juu ya ekseli lilikuwa limevimba magamba ya kahawia. Nililigusa kwa ukucha. Ukucha ukaingia.

Kesho yake tulikuwa tumepanga kwenda Beni kumchukua mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa akiishi pembezoni mwa mji huo, na shamba lake la kakao liko mbali zaidi, upande ambao watu wamekuwa wakiuawa kwa mapanga. Majirani wa shamba walikuwa wamehama mmoja baada ya mwingine. Mke wangu alimsihi mama yake kwa miezi mingi apande Butembo akae kwetu, naye akakataa, akisema kakao haingoji vita iishe, inaiva tu. Kisha wiki ile alikubali ghafla, kwa sharti kwamba lije gari letu, si basi wala pikipiki, lipakie mifuko yake ya kakao kavu pamoja naye. Alitaja Alhamisi. Sisi tulimjua. Alhamisi ikipita hivihivi, angerudi shambani.

Kulikuwa na jambo jingine. Katika ukoo wetu mwanamume hakai bega kwa bega na mama mkwe wake, wala hasemi naye akimtazama usoni. Kwa hiyo ilibidi mke wangu asafiri pia, akae katikati yetu mbele. Breki zile zingewabeba mama na binti yake.

Nililipeleka gari gereji, mtaa wa Mususa, kwa gia ya kwanza njia nzima. Fundi wangu ni mtu wa rika langu. Mimi sikusoma shule ya ufundi, nina kitabu kimoja cha Kifaransa chenye michoro ambacho nimekirudia mara nyingi, na yeye hajawahi kuchoka kunitania juu yake.

"Professeur amefika! Leo kitabu inasema nini?"

"Inasema bomba imeoza."

Akaingia chini ya gari, akapiga mluzi. "Eh, muzee! Hii hapana bomba tena, ni biskuti." Akatoka akijifuta mikono. "Mais hakuna shida. Tunakata hapa, tunakunja ncha, tunapiga nyundo. Ile mguu ya nyuma tunaifunga. Kesho asubuhi uko Beni."

Kufunga mguu ni kazi inayofanyika kila siku katika magereji yetu. Bomba linalovuja hukatwa na kufinywa, mafuta hayafiki tena kwenye gurudumu lile, na gari huendelea kwa matatu yaliyobaki. Wengine hufunga la pili. Nimeona malori yakipanda kutoka Beni na breki za mbele tu, yamejaa mbao, na watu wamekaa juu ya mbao.

"Na kama ile ingine inapasuka?" nikauliza.

"Unaifunga na yenyewe!" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Sikia, papa. Ku barabara ya Beni nani anasimamaka? Kule ni kukanyaga mafuta tu. Mwenye anasimama, njo ule banamukata."

Hayo ndiyo mawazo ya madereva wote wa njia ile. Wanazungumza juu ya injini na matairi, breki hawazitaji. Lakini nilikuwa nimeendesha pale mara nyingi, na nilijua kwamba kwa woga magari hufuatana karibu mno, kila dereva akihofia kuachwa nyuma peke yake. Wa mbele akisimama, wote lazima wasimame. Nikamwambia fundi ang'oe mabomba yote, kutoka pampu ya breki hadi magurudumu ya nyuma.

"Yote? Itakula siku muzima."

"Ikule."

"Bibi yako atakuua kabla ya batu ya panga."

Jioni ile mke wangu alimpigia mama yake simu, akaweka sauti kubwa ili nisikie.

"Si mulisema kesho?" sauti ikauliza.

"Ni Ijumaa, mama. Gari iko na shida ya frein, breki inavuja."

"Basi ni vizuri. Kesho nafika kwanza ku shamba. Kuna kakao nilianika kule."

"Mama, hapana! Usifike kule!"

"Mwana wangu, nimekubali kutoka. Hapana unifunge na kamba. Nitarudi mapema."

Mke wangu aliweka simu mezani na kunitazama. Kama ningekubali kufunga mguu, asubuhi tungekuwa Beni kabla mama yake hajatoka nyumbani. Nililifikiria hilo usiku, na nililifikiria tena asubuhi, mabomba ya zamani yalipokuwa yamekwisha kung'olewa na gari halingeweza kwenda popote.

Yalilala kwenye udongo mwekundu kama mizizi. Pale penye vibano yalikuwa yamebaki manene kidogo kuliko karatasi. Fundi aliokota moja akalivunja kwa vidole viwili, akalitupa bila mzaha wowote. Nilipata bomba jipya la chuma katika duka la mfanyabiashara anayeleta vipuri kutoka Dubai. Fundi alikuwa amependekeza bomba la shaba la friji, ambalo ni laini na hukunjika vizuri. Nikamwambia friji haiteremki mlimani. Tulipima kila kipande kwa kukilinganisha na kile cha zamani, tukakikunja polepole, tukapanua midomo yake kwa kifaa chake ili ikae sawa ndani ya nati.

Mdomo mmoja ulitoka mzuri kabisa, wa mviringo, usio na ufa. Tukautazama kwa furaha. Kisha tukaona kwamba nati ilikuwa bado juu ya meza; hatukuipitisha kwenye bomba kwanza, na sasa isingepita juu ya mdomo uliopanuka.

"Kitabu ilisahau kusema?" fundi akauliza.

Tukakata mdomo, tukaanza upya.

Mke wangu alikuja gereji kabla ya saa sita kwa sababu nyumbani hakukukalika. Simu ya mama yake ilikuwa haipatikani. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akibonyeza namba ileile. Kila baada ya muda tulisikia sauti ya mwanamke wa mtandao ikisema kwa Kifaransa kwamba mtu huyo hapatikani. Tulipofika hatua ya kutoa hewa ndani ya mabomba, nilimwomba akae kwenye usukani akanyage pedali, hasa ili apate cha kufanya.

"Kanyaga. Shika hapo!"

Mimi nilikuwa chini, nikifungua skrubu ya gurudumu la nyuma. Mafuta yalipaswa kutoka kama uzi mmoja ulionyooka. Yakatoka yakitetemeka. Nilidhani ni hewa, nikarudia, nikarudia tena, mpaka nikaelewa kwamba hewa imekwisha. Uliokuwa ukitetemeka ulikuwa mguu wake.

Alasiri nililijaribu gari kwenye mteremko wa upande wa Rughenda. Lilisimama sawa, bila kuvuta kushoto wala kulia. Jua lilikuwa linazama simu ilipolia.

"Nimerudi," mama mkwe akasema. "Kujeni."

Akakata. Mwanamke huyo, ambaye hajui kuaga bila kuulizia kila mtoto, alikata.

Ijumaa tulimkuta amekaa mbele ya mlango wake, nyumba imefungwa, mifuko ya kakao ni michache kuliko aliyotuambia. Kwenye mapaja alishika sufuria iliyofungwa ndani ya kitenge. Nilijitolea, kupitia kwa mke wangu, kuiweka nyuma pamoja na mizigo. Akakataa. Akapanda mbele nayo.

Tuliingia kwenye mstari wa magari yanayopanda Butembo. Mbele yetu kulikuwa na lori la mbao, na nyuma yetu basi dogo lililotukaribia kiasi kwamba niliona rozari ikining'inia kwenye kioo chake. Hakuna aliyepiga honi. Kwenye kona moja, baada ya mteremko mfupi, lori likasimama ghafla. Nikakanyaga. Pedali ilishuka kidogo ikagoma, ngumu kama jiwe, na gari likasimama palepale, ncha za mbao zikiwa mbele ya kioo chetu, usawa wa uso wa mke wangu.

Tukangoja kujua sababu. Kisha wakaanza kupita kando yetu kwa miguu: watu wenye magodoro vichwani, mbuzi, mabeseni, mwanamke mwenye mashine ya kushonea. Hawakukimbia. Hawakututazama.

"Banatoka upande ya shamba yangu," mama mkwe akasema.

Alimwambia binti yake, kana kwamba mimi sipo.

"Jana ulikuta nini kule, mama?"

Alifungua kitenge kidogo. "Hii sufuria niliiacha mu kibanda. Niliiacha chafu, sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, imegandamana chini. Jana naikuta imeoshwa."

"Imeoshwa na nani?"

"Njo nakuuliza. Moto ilikuwa ingali na joto. Walilala ku kitanda yangu. Walikula mihogo yangu, wakaosha sufuria, wakaifunika vizuri." Akafunga kitenge tena. "Kama mutu anaosha sufuria, anafikiri kupikia tena."

Lori likaanza kwenda, nasi tukalifuata mpaka Butembo.

Sasa anaishi nasi. Sufuria iko kwenye rafu ya juu jikoni na hakuna anayeitumia kupika. Kila Jumamosi naingia chini ya gari, nafuta kila nati kwa kitambaa cheupe, na kitambaa hutoka kikavu. Katika mambo ya ufundi sijazoea kusema lisilo kweli.

Juzijuzi, kakao ilipokuwa inaanza kuiva tena, nilikuwa nikipasha moto injini asubuhi. Mama mkwe alitoka nje, akasimama kando ya gurudumu la nyuma. Hakumtuma binti yake. Alisema na mimi mwenyewe, akitazama pembeni.

"Mukwe wangu. Ile frein, iko nashika muzuri sasa? Inaweza kushuka Beni?"

"Hapana, mama," nikasema. "Ingali iko navuja."

Aliinama, akatazama udongo chini ya gurudumu. Ulikuwa mkavu. Akajifunga kitenge chake upya, akarudi jikoni bila kuniuliza zaidi.