Chandarua mbele ya radiateri

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nikitoka barabarani mbwa wa jirani wananibwekea kama mgeni, na hasemi uongo. Kazi yangu ni kuchaji simu za watu na kuwatolea kopi, na naifanyia barazani, hatua chache kutoka kitandani. Gari niliachiwa na kaka yangu alipohama. Kwa muda mrefu safari yake kubwa ilikuwa kutoka juani kwenda kivulini.

Kwa hiyo kiangazi kile mama aliposema anataka kwenda Sange, nyumba nzima ilinigeukia mimi.

Mama ana pumu. Daktari alimkataza vumbi, na wakati wa kiangazi hufiki Sange bila kulimeza. Lakini dada yake mkubwa alikuwa amelala huko, mgonjwa, na simu haikusaidia kitu kwa sababu masikio yake yalikuwa yamekwisha. Mama alitaka amwone angali anamtambua. Basi tungepandisha vioo, tuwashe klim, yaani kiyoyozi cha gari, tufike salama. Nikawasha kujaribu. Ilinipulizia hewa ya moto usoni.

"Labda inaanza polepole," nilimwambia mke wangu.

"Kama weye," alisema.

Fundi wa kwanza, jirani yetu, alisema gazi, ile gesi ya klim, imekwisha. Akaongeza. Siku mbili tu, joto likarudi. Akaongeza tena. "Iko na baridi, ni weye hauisikie," aliniambia, nami kwa heshima nikakaa ndani ya gari nikijitahidi kuisikia. Kila asubuhi mama alivaa kitenge chake cha safari, akakaa barazani na furushi la ndagala, dagaa wakavu wa kumpelekea dada yake, magotini, akingoja neno langu. Kila asubuhi neno langu lilikuwa kesho.

Mwishowe nilipeleka gari mtaa wa Rugenge, kwa fundi mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Huyu hakugusa gazi. Alifungua kapo, yaani boneti, akainama, akachungulia mbele ya injini. Kisha akaita wenzake waje waone.

"Papa, hii ni kitu gani?"

"Chandarua," nilisema.

Hapo lazima nieleze. Kwetu chandarua kinafunika miche bustanini, kinazuia vifaranga, kinavua samaki. Mbu hufikiriwa mwisho. Mwaka uliotangulia, mpunga ulipovunwa, niliona makapi na panzi vimejaa mbele ya radiateri, rejeta ya injini, nikapata wazo, na wazo ni kitu cha hatari kwa mtu anayekaa sana nyumbani. Nilichukua chandarua kipya, nikakikunja mara mbili, nikakifunga kwa waya nyuma ya meno ya gari, zile fito za mbele. Nilijisifu wiki nzima. Majirani wawili waliniiga.

"Gari yako inaogopa malaria?" aliuliza fundi.

Wenzake walicheka. Nilicheka nao, ningefanya nini. Kitambaa kilikuwa kimeganda vumbi mpaka kimekuwa kigumu kama ngozi ya mbuzi. Akanieleza taratibu, kama ninavyoeleza wateja wangu kwamba simu isiyo na betri haichajiki. Klim ina radiateri yake ndogo pale mbele, na hapo ndipo gazi inaacha joto. Pasipo na upepo, gazi inarudi ndani na joto lake lote.

"Na weye ulifunga mulango," alisema. "Kompresa, ile pampu ya gazi, imesukuma siku zote hizi bila kupumua."

"Itapona?"

"Itajaribu."

Alikata waya, akanikabidhi chandarua changu mikononi. Kisha akawasha. Ikatoka baridi ya kweli, mpaka vinyweleo vikanisimama. Nilirudi nyumbani nimepandisha vioo vyote, na kwa mara ya kwanza nilisikitika kwamba njia ni fupi.

Kesho yake tuliondoka. Mama alikaa nyuma, akajifunika kitenge kingine mabegani. "Baridi hii itaniua kabla ya dada yangu," alisema, na nikaona fahari kama niliyeitengeneza mimi. Tulipita Kiliba. Mbele yetu lori lilikuwa linamwaga vumbi lake lote, nasi tumo ndani tu, tunalitazama kwa kioo. Ndipo nikasikia mlio chini ya kapo, kama kijiko ndani ya kopo, halafu harufu ya mpira unaoungua. Hewa ikaanza kupata joto. Nilijifanya sijui. Mama akavua kitenge.

"Fungua, mwanangu."

"Vumbi, mama."

"Nitaivia humu pamoja na ndagala."

Nilifungua. Hatukufika mbali. Alikohoa mpaka akawa hawezi kukaa wima, na mimi nikageuza gari. Njiani hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.

Yule mzee wa Rugenge alisema kompresa imekufa, na ya aina ile haionekani hapa Uvira. Mama alisema, "Tutangoja mvua. Mvua ikinyesha, vumbi inalala." Basi tukangoja mvua. Kila siku nilitoka uani kuitazama milima, mimi nisiyetoka, na milima ilikuwa mikavu.

Dada yake hakuingoja.

Siku ya mazishi hakuna aliyetaja klim. Mama alitoka chumbani na kitu kimefungwa usoni, kuanzia machoni kwenda chini. Kilikuwa ni chandarua changu. Alikuwa amekifua kwa sabuni, akakikunja mara nne, akakilowesha maji. Akapanda gari, mke wangu akakaa mbele, mama akasema twende. Vioo vilikuwa chini vyote. Vumbi liliingia lilivyotaka, nami nilimsikiliza njia nzima badala ya kusikiliza injini. Alikohoa mara mbili, basi.

Tulipofika, nguo zangu na za mke wangu zilikuwa rangi moja na barabara. Watu walikuwa wamejaa uani kwa marehemu. Mama alishuka, akafungua chandarua, akakitazama upande wa ndani. Kilikuwa bado cheupe.

"Kumbe kinafaa," alisema.

Siku zote tulizongoja mvua kilikuwa kimetundikwa kwenye kamba yetu ya nguo, tangu siku ile ya Rugenge.