Koplo Nthiwa Katikati ya Wakubwa

Nthiwa wa Mbaluka alizaliwa Kalamba, akaingia jeshini akiwa kijana, na cheo chake cha mwisho kilikuwa koplo. Lakini ukimsikia akiongea sokoni utadhani alistaafu akiwa jenerali. Mara mbili alipelekwa nchi za watu kulinda amani, akarudi na bereti ya buluu na mafundisho yasiyoisha.

"Mataifa makubwa hayapigani yenyewe," alipenda kusema. "Mmoja analeta magari, mwingine analeta hotuba. Sisi wa katikati ndio tunaleta miili. Sasa wa katikati akiwa na akili, anakula kwa huyu na anakula kwa yule."

"Na wewe ulikula nini huko?" mkewe Wayua alimuuliza siku moja.

"Heshima."

"Basi leo jioni nitakupikia hiyo."

Alipostaafu alinunua shamba mashariki ya Kitui, karibu na mpaka wa kaunti, mahali ambapo kiangazi kikizidi wafugaji wa ngamia huvuka na kujikuta kwenye ndengu za wakulima. Maji ya pande zote ni silanga moja tu, bwawa la kuchimbwa la kushika maji ya mvua, na mwaka mmoja vijana walirushiana mishale hapo hapo. Ikaundwa kamati ya amani. Koplo alivaa bereti ya mwenyekiti hata kabla ya watu kuinua mikono kumchagua.

Mwaka jana silanga ilijaa matope. Isipofukuliwa kabla ya mvua za Novemba, maji hayangefika Krismasi, na mishale ingerudi. Mikail, mzee wa wafugaji, alikuja mwenyewe mwezi wa nane.

"Afande, vijana wangu wako tayari. Tuchimbe pamoja."

"Pole pole, Mzee Mikail. Hii sasa ni mambo ya kimataifa."

Maana wageni walikuwa wamefika. Walitangulia Wamarekani wa mradi wa usalama mpakani, wakaahidi tingatinga. Wiki iliyofuata wakaja Wachina wa mradi wa maji, wakaahidi tingatinga kubwa zaidi. Kila mmoja alikuwa na sharti dogo tu: bango lake lisimame peke yake. Koplo akawaambia Wamarekani ndiyo. Akawaambia Wachina ndiyo. Alipofika nyumbani alicheka mpaka akakohoa.

"Mama Kiema, tutapata tingatinga mbili!" akamwambia Wayua.

"Na wakikutana?"

"Wakikutana watashindana kuchimba."

Walikutana, Jumanne moja ya Oktoba, na walichoshindania ni kivuli cha kuweka hema. Bango hili likasimama, na lile likasimama mbele yake. Tingatinga zote mbili hazikushuka hata kwenye lori. Koplo, akitokwa na jasho, akapendekeza bango moja likae asubuhi na lingine mchana. Kufika saa tisa kila upande ulikuwa umeondoka, ukisema lazima uulize wakubwa wake kwanza. Watu walibaki na kofia za bure, na matope yao.

Koplo akapanda kichuguu chenye mtandao, akakaa hapo na simu wiki mbili.

Wayua hakungoja. Alimwendea Syokau, kiongozi wa mwethya, lile kundi letu sisi Wakamba la kufanya kazi kwa pamoja, na kesho yake akina mama wakashuka na majembe. Mikail akaleta vijana kumi na wawili na punda wa kubeba udongo. Saa sita Koplo akafika na bereti yake, akakohoa, akaanza kueleza umuhimu wa ushirikiano.

"Jembe lako liko wapi?" Syokau akamkata.

"Mimi ni mwenyekiti."

"Wa kamati. Hii ni mwethya. Asiye na jembe hana mdomo, na kwenye foleni ya maji atakaa nyuma ya aliyechimba. Wewe unajua sheria, Nthiwa, ama uliisahau ng'ambo?"

Walicheka, hata punda nusura wacheke. Koplo akarudi kwenye kichuguu chake. Simu mbili zilipoingia hatimaye, ya Wamarekani na ya Wachina, zote zilisema jambo linachunguzwa. Kesho yake alikuja na jembe. Alichimba kwa saa moja na nusu hivi, halafu mvua ikashuka, kazi ikaisha.

Silanga ilijaa kupita nusu. Asubuhi ya kwanza ya kunywesha, akina mama walichota, Wayua akapita na mitungi yake bila kugeuka. Wakafuata ngamia wa Mikail. Koplo wa saa moja na nusu alikuwa nyuma kabisa, na ng'ombe wake wanne wakilia kwa kiu.

"Mimi nimelinda amani nchi mbili!" akapaza sauti.

"Kweli, Afande," Mikail akamjibu kwa upole, akipapasa shingo ya ngamia. "Na hapa pia kuna amani. Subiri kidogo, bado ngamia kumi na tisa."