Ngozi ya Paja Shingoni mwa Jeannine

Tangu siku bendeji ilipotolewa, Jeannine hakumwamini mtu yeyote wa hospitali ile.

Alikuwa msusi wa Bellevue, mtaa wa wahamiaji ughaibuni, mzaliwa wa Lubumbashi. Mwaka 2016, maji ya moto ya kuchovyea ncha za rasta yalimmwagikia shingoni. Kovu likamvuta kidevu mpaka akitaka kujitazama kwenye kioo ilimbidi apinde kiuno nyuma. Mwaka uliofuata madaktari walilikata kovu hilo, wakapandikiza ngozi waliyoitoa pajani mwake. Ndivyo walivyomwambia.

Kioo kilisema vingine. Shingo yake ilikuwa ya maji ya kunde, na kile kiraka kilikuwa cheusi tii.

"Hii haiko yangu," alimwambia wifi yake Murielle, aliyesuka kwenye kiti cha pili cha saluni.

Murielle, aliyemwita Yaya kama dada mkubwa, aliinama akakikagua. "Yaya, ulikuwa umelala. Ulijuaje walikata wapi? Mochari yao iko chini ya wodi."

"Waliniambia paja."

"Na mimi waliniambia karatasi zangu za ukimbizi zitatoka mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu wa mwaka gani?"

Basi Jeannine akaanza kukumbuka: fomu ya Kiingereza aliyoisaini haraka, daktari aliyefunga mlango, wauguzi walionong'onezana. Kila jambo likageuka ushahidi. Jambo moja tu hakulikumbuka, nalo lilikuwa lake mwenyewe. Daktari alipomuuliza kama anajichubua, alijibu hapana. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akipaka uso, shingo na mikono krimu iliyochanganywa, kutoka kwenye kopo lisilo na jina. Saluni nzima waliiita mafuta tu, kwa hiyo hakuona kwamba amedanganya. Mapaja yalikaa ndani ya kitenge, hayakupakwa kamwe.

Aliamua kukifuta kiraka kile cha mgeni. Akakipaka krimu asubuhi na jioni. Siku ya nane pembeni pakawa pekundu, kisha pakachubuka, pakaanza kutoa maji yenye harufu.

Kwenye kliniki ya hospitali ile alipokewa na muuguzi Mkenya, Wamaitha, aliyefungua skafu yake polepole.

"Mama, umepaka nini hapa?"

"Hakuna."

"Hakuna haichomi ngozi hivi."

"Dada, mulinibandika ngozi ya maiti. Inaoza kwa sababu haiko yangu."

Wamaitha hakucheka. Alimwomba apandishe kitenge, akampa kioo cha mkono. Pajani palikuwa na alama ya mstatili, sawa kwa umbo na kile kiraka. Ngozi iliyoizunguka ilikuwa nyeusi tii.

"Tazama paja, halafu tazama shingo," alisema Wamaitha. "Sasa niambie kipi si chako. Ni kiraka, au ni hiyo rangi inayokizunguka?"

Jeannine alitazama chini, akatazama juu. 

"Hizi krimu zinaifanya ngozi iwe nyembamba, kidonda hakifungi. Daktari akikutibu bila kujua ulichopaka, kiraka kitakufa, na kidevu kitarudi kifuani. Hutasuka tena, mama."

Mkoba ulikuwa mapajani mwa Jeannine, na kopo lilikuwa ndani ya mkoba. Kulitoa ilikuwa kukiri kwamba mwongo aliyemtafuta hospitali nzima aliingia naye mlangoni. Jina la mgonjwa mwingine likaitwa nje. Kisha akalitoa kopo, akaliweka mezani.

"Miaka kumi na miwili," alisema. "Shingo na uso."

Kona moja chini ya sikio haikupona vizuri. Ilibaki na uvimbe mgumu. Sehemu nyingine ilishika, na kidevu kikainuka. Krimu aliiacha kabisa. Mwezi baada ya mwezi shingo ikapoteza weupe wake, ikakifuata kiraka, na uso ukaifuata shingo.

Mwaka 2019 mteja wa siku nyingi alimvuta Murielle kando ya sinki. "Wifi yako anaumwa nini? Mbona amekuwa mweusi hivi?"

"Ugonjwa wa damu," alinong'ona Murielle, akasukuma kopo lake mwenyewe ndani ya droo na kufunga kwa ufunguo.

Jeannine alisikia. Aliinua kidevu, akamkazia macho kwenye kioo mpaka Murielle akageuza uso.