Wageni Wasioaga

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba 2024, mwenye nyumba wa Zulmira, mtaani Chuno, alibandika getini tangazo la vyumba vya kulala wageni, kwa siku. Msimu wa korosho unaanza na wanunuzi wanatafuta pa kufikia. Vyumba viwili vimeshageuzwa, kodi ya vilivyobaki imepanda, na Zulmira, fundi cherehani, ameambiwa chake kitafuata mwisho wa mwezi. Funguo za akiba mama mwenye nyumba huzifunga kwenye pindo la kanga, kwa hiyo husikika kabla hajapiga hodi. Mgeni akiingia humletea maji ya kunywa, kisha huvuta kigoda na kuuliza habari za kwao, za shamba, za watoto, mpaka mgeni aanze kupiga miayo. Asubuhi huja na muhogo wa kuchemsha.

Juzi alifika na sahani akakuta chumba kitupu, ufunguo dirishani. Akaenda moja kwa moja kwa Zulmira, akaketi juu ya mabegi yaliyokwisha kufungwa.

"Mtu analala kwangu, anaondoka bila kuaga! Nimemkosea nini?"

"Ndiyo biashara uliyoitaka, mama. Wanaoaga ni sisi wapangaji."

"Na wewe ungeniaga?"

"Siku nzima! Mpaka ungenifukuza."

Mama alicheka hadi funguo zikalia. Akamega muhogo, akampa kipande kikubwa.

"Basi fungua hayo mabegi. Ila kodi mpya iko palepale, usinichekee."

Kesho yake asubuhi Zulmira alirudisha cherehani yake barazani.